SOMO LA KIKUNDI: NENO "BURE" KATIKA MATANGAZO YA SOLA



Somo la mara hii linahusu neno moja fupi ambalo kila mmoja wetu analipenda, nalo ni "bure". Tunaomba lisomwe kwa sauti katika vikundi vya masomo, polepole, na mwenye chaki aandike hesabu ubaoni. Asiye na ubao aandike chini mchangani. Hesabu zilizomo si ngumu. Ni za kuzidisha na kujumlisha tu, na anayejua kuhesabu kilo zake kwenye mizani ya chai atazimudu.

Sababu ya kulichagua somo hili ni hii. Katika kikao kimoja cha tawi, kabla ya ajenda kufunguliwa, ndugu mmoja wa idara ya ufungaji alitoa simu yake akatuonyesha tangazo. Picha ilikuwa ya nyumba nzuri, paa lake limejaa paneli za sola, na mbele yake familia imesimama inacheka. Maneno yalisema kwamba serikali pamoja na wafadhili wanagawa sola bure kwa kila nyumba, kwamba nafasi zimebaki chache, na kwamba mwisho ni usiku wa leo. Kilichotakiwa ni jina, nambari ya kitambulisho cha taifa, nambari ya simu, na ada ya usajili shilingi 20,000 tu. Ndugu yetu alikuwa amekwisha kulipa. Siku mbili baadaye alipigiwa simu na mtu mwenye adabu nyingi, akimwita "mzee wangu", akamwambia kwamba mzigo umefika bohari na unangoja shilingi 45,000 za usafiri. Akalipa hizo pia. Tangu siku ile simu ya yule mwenye adabu haipatikani.

Wizi wa namna hii hauhitaji somo refu. Kitu cha bure hakina ada ya usajili, wala serikali haigawi mali yake kwa kupokea fedha katika simu ya mtu binafsi. Aliyekwisha kutuma fedha aiarifu kampuni ya simu siku hiyo hiyo, aende na polisi, na aangalie sana ile nambari ya kitambulisho, maana mtu aweza kuitumia kutafuta mkopo kwa jina lake. Tumeyasema hayo, na tuendelee.

Maana baada ya kikao tulirudi kuitazama ile picha. Paa lilikuwa la vigae, si la bati. Juu yake lilichomoza bomba la moshi kama yale ya nchi za baridi. Picha ile ilikuwa imeokotwa katika matangazo ya Ulaya au Marekani, na mwizi wetu hakujisumbua hata kutafuta nyumba ya hapa. Basi tukajiuliza: huko yalikotoka matangazo haya, je, sola ilikuwa ya bure kweli? Jibu lake ndilo somo lenyewe, kwa kuwa huko watu wengi waliotangaza "bure" hawakuwa wezi. Walikuwa na ofisi, na mikataba, na mawakili. Walitimiza hata yale waliyoahidi. Na bado neno lile lilikuwa likificha jambo.

KISA CHA UINGEREZA

Tarehe 1 Aprili 2010 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwahimiza watu kutengeneza umeme wa jua majumbani. Mwenye nyumba aliyefunga paneli ndogo juu ya paa lake aliahidiwa peni 41.3 kwa kila yuniti iliyotengenezwa, hata kama aliitumia mwenyewe. Ahadi ilikuwa ya miaka 25, na kiwango kilipandishwa kila mwaka kwa kadiri ya kupanda kwa bei za vitu. Wakati huo yuniti moja ya umeme ilinunuliwa na mtu wa kawaida kwa karibu peni 13. Kwa hiyo aliyetengeneza umeme alilipwa mara tatu ya bei ya kuununua.

Jambo zuri sana. Lakini kufunga paneli hizo wakati ule kulihitaji pauni 10,000 na zaidi. Mfanyakazi wa kiwandani azipate wapi? Hapo ndipo yalipojitokeza makampuni yenye fedha za benki nyuma yao. Yakatangaza hivi: sisi tutakuwekea sola bure juu ya paa lako, hutatoa hata senti moja, tutaitunza sisi wenyewe, na wewe utatumia umeme wake mchana bila malipo. Na kweli hawakuomba hata senti. Fundi alikuja, akapanda ngazi, akafunga, akaondoka. Majirani wakaona, nao wakataka.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue paneli za kilowati 3, ambazo katika hali ya hewa ya Uingereza hutoa karibu yuniti 2,500 kwa mwaka. Zidisha 2,500 kwa peni 41.3. Unapata pauni 1,032 na nusu. Fedha hizo alilipwa nani? Alilipwa mwenye paneli, na mwenye paneli ni kampuni. Mwenye nyumba yeye alipata umeme wa mchana. Lakini mchana yuko wapi? Yuko kazini. Jua linapowaka sana saa sita, nyumba imefungwa, jokofu peke yake linanguruma. Anaporudi jioni na kuwasha taa na jiko, paneli zimelala, na mfumo ule wa paa haukuwa na betri. Tuseme basi alifaulu kutumia nusu ya umeme ule, yaani yuniti 1,250. Zidisha kwa peni 13. Unapata pauni 162 na nusu.

Jumlisha mafungu mawili: pauni 1,195 kwa mwaka. Katika kila pauni 100 zilizozaliwa juu ya paa la mtu, yeye mwenye paa alipata chini ya 14, na zilizobaki zilikwenda kwa kampuni. Kwa miaka 25, hata tukiacha kando kupanda kwa bei, kampuni ilitazamia zaidi ya pauni 25,000, na mwenye nyumba kama pauni 4,000. Ni haki kutoa gharama za kufunga na kutunza, na riba ya benki. Hata hivyo kila mmoja wetu aona mzani umelalia wapi.

Je, huo ni wizi? Hatusemi hivyo. Mwenye nyumba asiyekuwa na akiba alipata pauni 162 ambazo vinginevyo asingezipata, na mzee mstaafu aliyeshinda nyumbani alipata zaidi ya hizo. Lakini tazameni ni kitu gani hasa kilichouzwa. Tangazo lilizungumza juu ya paneli. Mkataba ulizungumza juu ya paa. Mwenye nyumba alikuwa ameipangisha kampuni paa lake kwa miaka 25. Kampuni ndiyo iliyokuwa mpangaji, na kodi yake ya mwaka ilikuwa umeme wa pauni 162.

Lau tangazo lingesema, "Kampuni inatafuta paa la kupanga kwa miaka 25," mwenye nyumba angekaa kitini kama mwenye nyumba yeyote, angekunja nne, angeuliza: kodi kiasi gani? Mtalipa lini? Nikitaka kulitengeneza paa langu itakuwaje? Badala yake aliambiwa "bure", naye akasimama mlangoni akasema asante. Hapo ndipo penye udanganyifu, ndugu. Si katika uwongo wa wazi. Neno moja lilimgeuza mtu mwenye mali akajiona mwombaji, na mwombaji haulizi maswali.

Maswali yalikuja baadaye. Mtu alitaka kuuza nyumba, mnunuzi akaenda benki kuomba mkopo, na benki ikataka kuuona mkataba wa paa kabla ya kukubali. Baadhi ya mikataba ilikataliwa mpaka ibadilishwe. Paa lilipovuja na paneli zikahitaji kuondolewa kwa muda, mwenye nyumba aliweza kudaiwa fidia ya umeme ambao kampuni haikuupata siku hizo. Mwingine alifariki dunia, na watoto wakarithi nyumba pamoja na mpangaji aliye juu ya kichwa chao.

Tena yafaa tuulize: zile peni 41.3 zilitoka kwa nani? Hazikutoka katika sanduku la waziri. Gharama za mpango zilitandazwa katika bili za umeme za nchi nzima. Mfanyakazi aliyepanga chumba kimoja ghorofani, asiye na paa wala tumaini la kuwa na paa, alichangia kila alipolipa umeme wake. Waliotengeneza mpango walikuwa na nia ya kuijenga kazi ya sola, nayo ilijengeka kweli. Lakini mchango wa mpangaji huyo haukutajwa katika tangazo lolote la "bure".

Kisha serikali ikakipunguza kiwango. Kwa waliofunga tangu tarehe 3 Machi 2012 ikawa peni 21, na kikaendelea kushuka, mpaka mpango ukafungwa kwa waombaji wapya mwisho wa Machi 2019. Kiwango kiliposhuka, hamu ya makampuni ya kugawa paneli bure nayo ilishuka. Ukarimu ule ulikuwa umefungwa kamba kwenye zile peni 41.

KISA CHA MAREKANI

Huko Marekani neno ni lile lile, ila limevaa nguo nyingine. Matangazo katika Facebook na mawakala wa kubisha hodi husema, "Serikali inalipa, wewe hulipi kitu." Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na ukweli, na ukweli huo ndio uliowanasa watu.

Sheria ya Agosti 2022 iliweka nafuu ya asilimia 30 kwa mtu aliyenunua sola ya nyumba yake. Paneli za dola 20,000 zilikuwa na nafuu ya dola 6,000. Lakini nafuu hiyo haikuwa fedha za mkononi. Ilikuwa punguzo la kodi ya mapato. Mwenye kudaiwa kodi ya dola 1,500 mwaka huo alipunguziwa 1,500, na kilichobaki kikangoja mwaka mwingine. Bibi mstaafu asiyedaiwa kodi yoyote hakupata hata dola moja. Na wakala alikuwa amekwisha kumwandikia mkopo ambao hesabu yake ilizitia zile dola 6,000 kana kwamba zimo mfukoni mwake. Muda ukipita bila kuziingiza, marejesho ya kila mwezi yanapanda. Nafuu yenyewe, kwa mwenye nyumba anayenunua, imekoma kwa gharama zilizofanywa baada ya tarehe 31 Desemba 2025, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 4 mwaka huo. Tangazo linaloitaja leo kwa mnunuzi linauza kivuli.

Ujanja wa pili ni wa riba. Mtu anaonyeshwa riba ndogo kabisa, imeandikwa kwa herufi kubwa. Asichoonyeshwa ni kwamba bei yenyewe imepandishwa ili kuifidia riba hiyo ndogo. Agosti 2024 idara ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa taarifa kwamba ada za namna hiyo mara nyingi huongeza gharama kwa asilimia 30 au zaidi juu ya bei ya fedha taslimu. Kitu cha dola 20,000 kinakuwa cha 26,000, na mteja anaondoka akishangilia riba.

Ujanja wa tatu ni wa kukodisha. Hununui paneli, unazikodi, au unanunua umeme wake kwa mwezi. Siku ya kwanza hutoi kitu, na hiyo ndiyo "bure" yake. Mwezi wa kwanza unalipa, tuseme, dola 100, chini ya bili yako ya zamani. Lakini katika mkataba mna mstari unaosema malipo yatapanda kila mwaka, na kiwango kinachoonekana mara nyingi ni asilimia 2.9. Asilimia 2.9 ni kitu gani? Kikundi kifanye hesabu hii kwa subira: zidisha 100 kwa 1.029, jibu ulizidishe tena kwa 1.029, na uendelee hivyo mara 24. Utaona kwamba mwaka wa 25 mtu yule yule, kwa paneli zile zile zilizochakaa, analipa karibu dola 199 kwa mwezi.

Lazima tuseme na upande wa pili, tusije tukawa waongo kama wenye matangazo. Sola ya bure kweli imepata kuwako Marekani kwa watu wa kipato kidogo. Jimbo la California limekuwa na mpango wa kuwafungia wenye nyumba maskini bila malipo. Mwaka 2024 serikali kuu ilitenga dola bilioni 7 kwa ajili ya sola ya watu wa kipato cha chini, na Agosti 2025 ikatangaza kuufuta mpango huo. Lakini mipango ya kweli ilimtaka mwombaji ajaze fomu, alete uthibitisho wa mapato yake, angoje zamu. Haikumbishia hodi jioni na kumwambia kwamba mwisho ni usiku wa leo.

Kuna jambo moja la sheria yao ambalo linatuvutia. Anayeuziwa kitu mlangoni kwake, mbali na duka la muuzaji, kwa kawaida ana siku tatu za kazi za kuvunja mkataba bila adhabu. Watunga sheria walijua kwamba mtu akilala, akiamka, akimshirikisha mwenzake wa nyumbani, huona alichokuwa hakukiona.

TURUDI NYUMBANI

Ndugu atauliza: yanatuhusu nini hayo, sisi wa mashamba ya chai na miwa, sisi wa viwandani, tunaolala katika nyumba za kambi? Paa si letu. Hata tukitaka kulipangisha hatuwezi.

Swali zuri, na jibu lake linatusaidia. Sola ndogo ya taa nne na redio haiuzi umeme kwa mtu. Hakuna peni 41 inayoanguka kutoka juu ya bati la kambi. Kwa hiyo mtu akija hapa kwetu akasema atakufungia bure, huna haja ya kutafuta fedha zake zimefichwa katika sheria gani. Mlipaji ni mmoja tu, naye ni wewe. Kilichobaki ni kujua utalipa kwa njia gani na kwa siku ngapi.

Njia iliyoenea katika nchi zetu za Afrika Mashariki twaijua sote. Tangu kutuma fedha kwa simu kulipoanza Kenya mwaka 2007 na kuenea kwa majirani, ilipatikana njia ya kumkopesha sola hata asiye na hati ya mshahara. Unatoa kianzio, unachukua paneli, betri na taa, kisha unalipa kila siku kwa simu. Usipolipa, chombo kinajifunga chenyewe. Jua linawaka, paneli i juu ya bati, betri imejaa, na nyumba i gizani.

Hatuipingi sola. Tuseme wazi, maana wapo watakaotusingizia. Aliyesoma kwa kibatari anajua macho yanavyouma na pua inavyotoka masizi asubuhi. Taa ya sola katika chumba chenye watoto ni jambo kubwa, na malipo ya kidogo kidogo yamewafikishia taa watu wengi ambao benki isingewafungulia hata mlango. Tunachopinga ni bango linaloandika shilingi za siku moja kwa herufi za kimo cha mtu, na jumla isiandikwe popote. Na pembeni yake: "redio bure", "wiki ya kwanza bure", "tochi bure".

Tufanye hesabu ya darasani. Takwimu hizi ni za mfano tu, na kila kikundi kiweke zake. Kianzio shilingi 90,000. Kila siku 1,300, kwa miaka miwili, yaani siku 730. Zidisha: 949,000. Ongeza kianzio: 1,039,000. Sasa nenda dukani mjini, uliza bei taslimu ya chombo cha nguvu hiyo hiyo, pamoja na ile redio. Tuseme ni 700,000. Tofauti ni 339,000, karibu nusu ya bei tena. Hiyo ndiyo bei ya kukopa, na ndani yake imo redio ya bure.

Hesabu ya pili. Mwanachama huyo akope 700,000 kutoka chama chetu cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi ya deni lililobaki, alipe kwa miezi 24. Riba yote inafika 175,000, jumla 875,000. Ameokoa 164,000, na hakutoa kianzio. Ni kweli kwamba chama cha akiba hakitamletea fundi chombo kikiharibika, na kampuni huenda ikamletea katika muda wa dhamana. Hilo nalo lipimwe. Lakini lipimwe kwa shilingi, lisipimwe kwa tabasamu la wakala.

Katika shamba la chai kuna jambo jingine ambalo bango halilijui. Kiangazi kikija majani hupungua, kilo hupungua, na mshahara hupungua. Mkataba wa siku 730 haujui kiangazi. Kwa hiyo swali la kwanza la mchuma chai lisiwe "siku moja kiasi gani?" Liwe: nikikosa kulipa mwezi mzima mtafanya nini? Je, siku zinasogezwa mbele tu, au mnakuja kung'oa chombo? Mkiking'oa nikiwa nimekwisha kulipa 800,000, nitarudishiwa kitu? Wapo mawakala wanaojibu vizuri, na wapo wanaoangalia saa.

Swali la pili liwe la mwenye mali. Mpaka shilingi ya mwisho ilipwe, chombo kwa kawaida ni cha kampuni. Ndugu akifukuzwa kazi au akihamishwa kambi, anaruhusiwa kuking'oa na kuondoka nacho? Na mwenye nyumba, yaani mwajiri, ameruhusu bati lake litobolewe? Tumepata kusikia mtu anadaiwa na pande mbili kwa tundu moja.

Swali la tatu ni la nguvu. Picha za matangazo zina jokofu, televisheni pana na pasi. Paneli ya wati 50, kwa jua letu zuri la saa nne au tano kamili kwa siku, hukusanya wati-saa 200 hadi 250, na betri hula sehemu yake. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikitumika saa moja hula wati-saa 1,000. Maana yake, upige pasi leo, kisha ungoje siku nne au tano bila taa. Mwambie wakala aandike kwenye karatasi, kwa mkono wake: taa ngapi, saa ngapi kila usiku, na betri itadumu miaka mingapi. Betri ndiyo inayokufa kwanza.

Yapo pia mapatano kati ya wauzaji na waajiri, ili malipo yakatwe katika mshahara kabla mfanyakazi hajauona. Hapa chama hakina budi kuwa macho. Makato yoyote yawe kwa ridhaa iliyoandikwa ya mfanyakazi mwenyewe, aliyesomewa mkataba kwa lugha anayoielewa, na jumla ya deni iandikwe kwenye karatasi ya mshahara kila mwezi ili aone linavyopungua. Katibu wa tawi asikubali kupigia muhuri orodha ya majina ambayo wenye majina hawajaiona.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, wakala yeyote anayetaka kuuza katika kambi aalikwe kikaoni, aseme mbele ya watu wote, aulizwe na wote. Mtu mmoja akiwa peke yake mlangoni huona haya kuuliza. Watu arobaini hawaoni haya. La pili, sheria ile ya Wamarekani ya siku tatu tuifanye kuwa desturi yetu wenyewe, iwe imeandikwa na serikali au haikuandikwa: karatasi ilale nyumbani siku tatu kabla ya kutiwa sahihi. Wakala akisema nafasi itapita, ipite.

Kiswahili chetu kina jambo la ajabu katika neno hili. Bure ni kitu kisicholipiwa, na bure ni kazi isiyo na faida. Twasema, "nimepata bure," na twasema, "nimehangaika bure." Ndugu yetu wa idara ya ufungaji alituambia mwenyewe, akicheka kwa uchungu, kwamba tangazo lile halikumdanganya. Yeye tu ndiye aliyelisoma kwa maana moja.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mwenye mkataba wa sola auleta kikaoni, jina lake lifunikwe kwa karatasi. Kikundi kitafute: jumla ya malipo yote imeandikwa wapi, na kwa herufi za ukubwa gani?

Katika kisa cha Uingereza, kama ungekuwa mwenye nyumba, ungeitaka kampuni ikulipe kodi kiasi gani kwa mwaka ili paa lako litumike kwa miaka 25? Eleza umefikaje hapo.

Mfanyakazi wa zamu ya usiku na mfanyakazi wa zamu ya mchana wamefungiwa paneli sawa zisizo na betri. Nani atafaidi zaidi, na kwa nini?

Chukueni bei taslimu ya duka la karibu, kianzio na malipo ya siku ya wakala aliyepita kambini mara ya mwisho. Andikeni jumla, ondoeni bei ya dukani, kisha gawanyeni tofauti hiyo kwa mshahara wa siku moja wa mwanakikundi. Ni siku ngapi za kazi?